Kengele ya Mkwe

Nkoma, 11 Februari 2024

Kwa mdogo wangu Asumini, mke wa Nuruddin mwenye duka, Somanda.

Mwangaluka. Anayesema ni mimi dada yako Nyamizi, anayeandika ni binti yangu Joyness, kwa hiyo ukikuta mahali pamenyooka ujue ni yeye, na palipopinda ni mimi. Nimemwambia aandike kila ninachosema hata kama kinamsema yeye. Amekubali kwa kichwa. Kwa mdomo bado.

Huku wazima. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja ana masikio kama ya mwenyekiti wetu wa kitongoji, hatujauliza maswali. Pamba ya bondeni imependeza, ya huku juu wadudu wameshaanza kuitembelea. Choroko tunachuma. Nuruddin hajambo? Mwambie sukari imefika, na majani ya chai, na vile vidonge vyako vyeupe vya presha ulivyovifunga kwenye gazeti kama karanga. Kimoja kila asubuhi na chai, kama ulivyoagiza. Nesi wa zahanati alisema presha yangu iko juu, niende nikapange foleni wanipe dawa zangu. Nikamwambia foleni ya nini, mdogo wangu anazo.

Sasa utajiuliza kwa nini nakuandikia barua kama watu wa enzi za Mjerumani wakati simu ipo. Simu ipo. Lakini mara ya mwisho nilipokupigia nilisema "Asumini", nikaanza kukohoa, na nilipomaliza kukohoa vocha nayo ilikuwa imemaliza. Ulisikilizishwa kikohozi cha vocha nzima. Barua haikohoi. Kikinishika, Joyness anainua kalamu anasubiri, kikiniachia anashusha. Sasa hivi ameinua mara mbili.

Kilianza mwezi wa kumi na moja tulipokuwa tunapanda pamba. Kikavu, hakitoi kitu. Ni kama kuna mtu amekaa hapa kooni ananikwangua na unyoya wa kuku, na hachoki, na hana kazi nyingine. Salamu zetu unazijua zilivyo ndefu. Mtu akiniamkia, tukifika kwenye kuulizana ng'ombe, kimeshanikamata, basi anaondoka anasema Nyamizi siku hizi anaringa, hataki hata kujua ng'ombe wangu wameamkaje. Kanisani wamenihamishia benchi la mwisho karibu na mlango, pamoja na wanaochelewa na wanaowahi kutoka. Nilikuwa sijui kama huko nyuma ndiko waumini walikojaa.

Na lile lingine nalo nitalisema, wewe si mtu baki, tumetoka tumbo moja. Nikikohoa juu, chini kunaitikia. Joyness ananitazama. Andika. Natembea na kanga mbili, ya ndani ni ya dharura.

Mtu mmoja tu kikohozi hiki kimemfaa, naye ni mkwe wangu Limbu. Miaka tisa tangu amuoe Joyness na kuja kujenga ng'ambo ya njia, mimi uso wake sijawahi kuuona wote, maana mkwe na mama mkwe kwetu hatutazamani, na yeye hilo analishika kama amri ya kumi na moja. Akinisikia naja anaingia kwenye minyaa ya uzio. Namjua kwa visigino, ndivyo vinavyobaki nyuma. Zamani alikuwa anatembea roho juu, anachungulia kila kona ya nyumba kama mwizi. Siku hizi ametulia, hadi amenenepa, anasema Joyness. Nikiwa zizini anajua, nikiwa chooni anajua, nikigeuza njia anajua. Mimi kwake ni yule ng'ombe wa mbele aliyefungwa kengele.

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe Jumatatu akija Bariadi na pikipiki yake kufuata mizigo. Tumeibandika kwa ugali asijisome.

Ni mimi Nyamizi, ng'wana Jilala. Dole langu hilo hapo chini, limechafuka kwa masizi, si wino.


Somanda, 2 Machi 2024

Dada Nyamizi, shikamoo.

Barua imefika. Mende wa dukani waliuona ule ugali kabla yangu, nimekuta kona moja wameshaila, lakini maneno yote yamesalia. Nuruddin anakusalimu sana. Tende za Ramadhani zimeingia, nimekuwekea kidogo kwenye mfuko, najua wewe hufungi ila kula unakula.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ile elimu ya ngumbaru uliyokuwa unaicheka, leo ndiyo inakusalimia. Ukiona mstari umeruka juu ghafla, kama huu, ni kalamu imeniteleza tu.

Mimi mzima. Nimehamia stoo ya nyuma, huko napanga magunia na kupima unga, Nuruddin ndiye anayekaa mbele na wateja. Huko nyuma kuna ubaridi mzuri. Utajiuliza kwa nini sikukupigia mimi. Simu yangu nayo ina shida ya sauti.

Dada, kikohozi cha tangu mwezi wa kumi na moja si cha kukaa nacho na kukichekea. Hospitali iko hapa jirani na kwangu, wanapima makohozi bila malipo. Njoo upimwe. Ukipimwa uniambie majibu siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu ya Limbu. Nataka kujua.

Vidonge vyangu viwili vya kila siku nimevigawa nusu kwa nusu kama kawaida, vimo ndani ya gazeti. Usiruke hata siku moja, presha haina masihara.

Mdogo wako, Asumini.


Nkoma, 7 Aprili 2024

Asumini wa mjini, mke wa mwenye duka.

Mwadila, maana leo tumeanza mchana. Sisi tupo. Yule mbuzi mwenye masikio amekua, mwenyekiti mwenyewe alipita akamtazama sana. Mvua imetuzidi. Tende nimekula zote njiani kutoka mlangoni hadi jikoni. Vidonge nakunywa.

Nimeisikia barua yako, Joyness ameisoma mara mbili. Nilikwambia naumwa, hukusema pole. Ulisema nikapimwe nikuletee majibu. Hata bwana mifugo akija kwa ng'ombe mgonjwa anampapasa kwanza.

Ngoja nikueleze ninavyoishi, halafu uniambie kama huko kupimwa kutaniongezea nini. Mzee Masunga amefariki, yule aliyekuwa akiazima baiskeli harudishi. Tumemzika Jumanne. Pale kaburini katekista akasema tukae kimya kidogo tumkumbuke marehemu. Kimya hicho ndicho kikohozi changu kilikuwa kinakisubiri. Nikajibana, nikatafuna kanga, machozi yakanitoka, mwisho kikalipuka. Wamama wakaona machozi, wakasikia na sauti, wakadhani nimeanzisha kilio, wakapokea. Walilia msiba mzima upya. Mjane akaja kunishukuru, akasema hakujua kama nilimpenda mumewe kiasi hicho. Sasa ananiangalia vibaya.

Baada ya hapo wakanipeleka kwa Machibya. Najua wewe na Nuruddin mambo ya waganga hamtaki, basi ruka mistari michache. Akapasua kifaranga, akachungulia ndani, akasema ni baba yetu Jilala huko alipo anataka ugoro. Nikamwambia baba alikuwa anavuta sigara, ugoro aliuchukia. Akachungulia tena, akasema basi sigara. Akawasha majani yake, moshi ukajaa chumbani, akaanza kukohoa na yeye. Tukakohoa wote wawili, yeye zaidi. Nilipopata pumzi nikamuuliza wa kwake baba yake anataka nini. Akanitoa nje. Kifaranga alibaki nacho.

Na hapa nyumbani sasa nina kikombe changu. Joyness amekipaka rangi ya kucha, nyekundu, kwenye mkono. Andika, Joyness, nimesema andika. Vikombe vyote vya bati, vyote vimebonyea, lakini cha bibi sasa kinatambulika toka mbali. Anasema ni kisichanganyike. Tukichambua choroko, wanawake wananiuliza upepo unatoka wapi, halafu wanakaa huko unakotoka. Na Milembe wangu, mjukuu niliyekuwa nalala naye, amehamishiwa kwa dada zake. Anasema huko kuna joto. Kafundishwa hayo.

(Mama mdogo, nilikipaka kwa sababu nesi alisema kila mtu awe na chombo chake mpaka apimwe. Nami roho inaniuma. Joyness.)

Kaandika nini hapo, mbona kakaa muda mrefu na mimi sijasema kitu?

Kupimwa siji. Usiniulize sababu, na barua ijayo uniandikie mambo ya dukani.

Nyamizi. Dole.


Somanda, 27 Aprili 2024

Dada, shikamoo.

Idi imepita, nilibaki nyumbani, sikwenda kuswali uwanjani safari hii. Wageni walikuja, Nuruddin aliwapokea. Mambo ya dukani ni hayo: sukari ipo, mchele upo.

Sababu sikuulizi lakini nitasema ninaloliona. Mwanamke aliyemwambia bwana shamba mbele ya mkutano wa kijiji kwamba mbegu zake zinafaa kukaangwa, leo anaogopa kikopo cha makohozi. Sijaelewa.

Nimekumbuka kitu. Ulipokuja kuleta michembe ya viazi mwezi wa kumi na mbili, tulilala kitanda kimoja siku nne, wewe unakohoa. Nimekumbuka tu, sina maana yoyote.

Upimwe, dada. Sisemi kwa ajili yako peke yako

Hapo juu nilitaka kuandika jambo nikaacha. Vidonge vimo, usiviache.

Asumini.


Nkoma, 19 Mei 2024

Mdogo wangu.

Salamu za ng'ombe, za mbuzi, za pamba, zote ni nzuri, tuzipite. Pamba tumeanza kuchuma. Leo Joyness nimemwambia asiongeze neno lake hata moja.

Mama alipokohoa wewe ulikuwa wa mgongoni, huwezi kukumbuka, na mimi sijakwambia kwa miaka sitini. Walimjengea kibanda nyuma ya zizi. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji. Kibuyu chake kilichorwa alama ya mkaa, kisichanganyike. Niliambiwa nikiweke mlangoni nikimbie, nisisimame, na mimi mtoto mtiifu, nilikuwa naweka nakimbia. Siku moja akaniita kutoka ndani. Akasema, "Nyamizi, usikimbie mwanangu, simama nikutazame." Sikusimama.

Kwa hiyo hicho kikopo chenu sikiogopi. Ninachokiogopa kinakuja baada ya kikopo.

Nilikuwa nimeapa siji. Sasa Alhamisi Milembe kaniletea uji. Kaweka kikombe changu chekundu pale kizingitini, akageuka, akakimbia. Hakuna aliyemtuma akimbie, nimemuuliza Joyness, ameapa. Mtoto kajiongeza mwenyewe. Nikabaki nakitazama kile kikombe hadi uji ukaota ngozi. Nikasema basi, kama ni kibanda, nijengewe kwa ushahidi, si kwa uvumi. Na nasikia siku hizi dawa zipo, mtu anameza miezi yake anapona. Mama hakuzipata.

Shida ni kufika. Jumamosi nilijaribu haisi. Nilikaa kimya nimejifunika, tukaenda vizuri, watu wakaanza kusinzia, halafu kikaja. Abiria wakafungua madirisha yote, mmoja akataka nauli yake, kondakta akaniambia bibi shuka upate hewa. Nikashuka nipate hewa, wakaondoka. Nilirudi kwa miguu, nina hewa hadi leo. Pikipiki nyingine za hapa zimenikataa. Mwenye moja amesema shingo yake haiwezi kukoholewa hadi Bariadi.

Imebaki moja, na wewe unaijua ni ya nani.

Nitafika tarehe tatu mwezi ujao. Usiniulize nitafikaje, na nikifika usiniulize nimefikaje.

Nyamizi.


Somanda, 23 Juni 2024

Dada yangu, shikamoo.

Nimefurahi mlifika salama huko Nkoma. Mimi nimerudi kukaa mbele dukani. Wateja wanasema nimependeza, mmoja aliuliza kama nilikuwa nimesafiri. Dawa mpya ninakunywa, na kikohozi kimepungua hadi nakisahau.

Yaliyotokea kwenye chumba cha dokta tuyaache huko huko. Nuruddin nimemwambia kwamba nilikusindikiza, dokta akakupima wewe, akagundua tatizo la dawa, na mimi akanibadilishia pia kwa tahadhari. Naomba ukija useme hivyo hivyo.

Ila jambo moja bado linanisumbua. Siku ile ulivyofika hapa uso wako ulikuwa umejaa vumbi kama umetoka kinu cha kusaga, macho tu ndiyo yanaonekana, na Limbu aliyekuwa mbele kwenye usukani alikuwa msafi kabisa. Nilikuuliza, ukaniambia nishike adabu. Nilimuuliza Joyness, akacheka akaingia ndani. Sasa kikohozi kinaisha, niambie.

Mdogo wako, Asumini.


Nkoma, 21 Julai 2024

Mdogo wangu Asumini, muongo wa Somanda.

Mwangaluka. Wote wazima, mbuzi mwenye masikio tumemuuza, mnunuzi ni mwenyekiti. Pamba yote imetoka shambani.

Tuyaache huko huko? Hatuyaachi. Joyness hakuwemo chumbani, na wewe umeshamjaza mumeo hadithi yako. Hii yangu inaandikwa, iwe ushahidi.

Kwanza safari, kwa kuwa umeuliza. Kukaa nyuma ya mkwe wangu nimshike kiuno, hapana, bora kikohozi kiniue. Joyness akasema atakaa katikati. Hata hivyo, mbele ya macho yangu kungekuwa na bega la Joyness, na baada ya bega, kichogo cha mkwe. Nikasema nitageuka. Nikapanda kinyumenyume, mgongo kwa mgongo na Joyness, tukafungwa kanga moja tumboni kama mzigo wa kuni, uso wangu unatazama tulikotoka. Vumbi lote la gurudumu lilikuwa langu. Nimeiona Itilima yote ikinikimbia. Watu wa njiani walisimama, wengine walinipungia mkono, nikawapungia, ningefanyaje. Karibu na mjini trafiki akatusimamisha. Alikuwa na haki ya kutukamata kwa mambo matatu au manne, lakini alichouliza ni kimoja tu, kwa nini bibi ametazama nyuma. Nikamjibu namheshimu mkwe wangu. Akafikiri. Na yeye ni Msukuma. Akatuambia twende polepole.

Na Limbu njia nzima aliendesha kwa masikio. Kila nikikohoa alipunguza mwendo nisianguke. Hilo nililiona, hata kwa mgongo.

Sasa hospitali. Kumbuka walinipa kikopo niteme. Miezi saba nakohoa, nimefukuzwa kwenye haisi, nimeliza msiba wa watu, siku ninayotakiwa nitoe kohozi, halipo. Nikakohoa nikatoa mate tu. Wakapiga na picha ya kifua. Tukangoja. Yule dokta binti mwenye nywele za kusuka akaniita, wewe ukaingia nyuma yangu ukakaa pembeni na ushungi wako kama msindikizaji. Akasema kifua changu hakina kifua kikuu, kisafi kuliko anavyotegemea kwa mtu anayepikia kuni. Nilitaka kumkumbatia, badala yake nikakohoa. Na nyuma yangu, kwenye ushungi, kikaitikia.

Dokta akaweka kalamu chini. Akauliza bibi mwingine ameanza lini. Ukasema wewe hukohoi. Ukakohoa. Ukasema ni vumbi la unga. Ukakohoa tena. Akauliza lini, kwa sauti ya upole, ukajibu mwezi wa kumi na mbili, nilipoondoka kwako, huku unatazama dari.

Akatuuliza tunaishi pamoja? Hapana. Tunapikia moto mmoja? Mimi kuni, wewe gesi. Tunasali pamoja? Mimi benchi la nyuma, wewe msikitini. Akauliza sasa kuna kitu gani wote wawili mnakula. Nikafikiri, nikaona ni kimoja tu, tangu mwezi wa kumi. Nikafungua pindo la kanga nikatoa lile gazeti, vidonge viwili vilikuwa vimebaki. Dokta akavigeuza, akacheka hadi akafuta macho, halafu akakasirika.

"Hii dawa ni nzuri kwa presha," akasema, "lakini wapo watu inawakohoza, na kikohozi chake ni hicho hicho kikavu. Nyie ni ndugu, imewakohoza wote. Na kwa kuigawana, kila mmoja alikuwa anapata nusu ya dawa na kikohozi kizima."

Akatuambia dawa ya mtu haigawiwi kama sukari. Akatupima kila mtu na presha yake, kila mtu na kadi yake, kila mtu na vidonge vyake vya aina nyingine. Akasema tusiache dawa wenyewe na tusibadilishe wenyewe, tukiona jambo turudi kwake. Nami foleni niliyoikimbia nimeipanga, na ilikuwa fupi.

Na lile la benchi la nje ndilo hukumwambia Nuruddin kabisa, kwa hiyo naliandika. Ulikaa, ukashika mkono wangu, ukasema, "Nilitaka wewe upimwe kwanza. Ukiwa mzima, na mimi nijue nimepona. Niliogopa, dada." Miezi sita umejificha stoo na magunia ili wateja wasikusikie, Idi umejifungia, unaniandikia mimi nikapimwe kwa niaba yako. Nikakwambia wewe ungekufa na adabu zako zote. Ukacheka, nikacheka, tukakohoa, na chini kukaitikia, na usikatae, nilikuona unavyofunika na ushungi. Wanawake wawili wazima, majibu mazuri mkononi, tumelowana kwenye benchi la serikali. Mama angetucheka.

Hakikuisha siku hiyo. Dokta alisema kitaondoka taratibu. Wiki ya tatu nikaamka nikasikia kuku, nikasikia Joyness anafagia, nikajiuliza leo kuna nini. Kumbe ndivyo uani kwetu kunavyosikika.

Joyness akakwangua rangi ya kikombe kwa kisu. Nimemnyang'anya kabla hajamaliza, kimebaki kidoa chekundu kwenye mkono, nimekizoea, tena hakuna anayeniazima. Jumatano Milembe kaleta uji. Akafika kizingitini akasita. Nikamwambia simama nikutazame. Akasimama. Akaingia, akakaa kwenye mkeka wangu, akanywa uji wangu nusu kwa kikombe changu, akasema hauna sukari. Amerudi kulala kwangu. Anapiga mateke kama punda.

Sasa balaa lililobaki ni Limbu. Kengele imevuliwa, hajui nilipo. Juzi kati nimezunguka nyuma ya nyumba natafuta kuku anayetaga, nakanyaga taratibu, sina hili wala lile, nikamkuta kwenye pipa la maji anaosha pikipiki, amejifunga kanga ya mke wake, ile yenye maua. Tumetazamana. Miaka tisa, Asumini, siku moja ikaisha yote. Akatupa ndoo, akaingia kwenye minyaa bila kuchagua mahali, utomvu ukamwingia jichoni, akashinda siku nzima amefunga kitambaa. Alituma kanga mpya ya kuniomba radhi. Nami nikamtumia yule kuku, maana kosa ni la dokta, si la mtu. Uso wake ni mzuri, lakini. Ni mzuri kuliko visigino.

Joyness akaja analalamika, mumewe haji tena upande huu, anaogopa kila kona, amekonda. Nikasema niachie mimi.

Jana asubuhi nikatoka kwenda zizini. Nilipofika kwenye kona nikasimama, nikanyoosha koo, nikakohoa mara moja. Si kwa ugonjwa. Kwa heshima. Ng'ambo ya uzio wa minyaa nikasikia Limbu anatua ndoo. Kisha na yeye akakohoa mara moja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Nikapita, nikaenda kukamua.

Dada yako Nyamizi. Dole hili nimenawa mikono kwanza.